Kesi ya Serah Ilifutwa: Kwa Baba Yetu, Kalisti Mutalemwa

Baba, mwaka umetimia. Tarehe tatu Oktoba mwaka jana, saa tisa alasiri, ulituaga ukiwa umevaa soksi za Isack, zile za michirizi ulizokuwa ukisema ni za mchekeshaji. Tangu siku hiyo nyumba yetu ya Wheaton, huku Marekani, imekuwa na ukimya ambao hatukuuzoea, maana wewe hata ukinyamaza ulikuwa unasikika.

Mimi ni Irene, mwanao wa kwanza. Kalamu nimepewa mimi kwa sababu mdogo wangu Isack anaandika kama mtu anayelipia kila herufi, na Mama amesema yeye atasoma na kukosoa tu. Kwa hiyo mahali nilipokusifia kidogo, ujue Mama amepita hapo na kusema, "Punguza, watu watatucheka."

Tunaandika kukushukuru. Tunaandika pia kwa sababu ulituachia kazi moja kabla ya kufa, uliyotaka kuifanya kwa mdomo wako mwenyewe ukakosa muda. Ulituomba tuwaambie watu kwamba ulikosea. Karibu mwaka mzima tuliikwepa kazi hiyo, na mkwepaji mkubwa nilikuwa mimi.

Watu wa huku walikujua kama mzee wa nyumba ya Wakili. Sisi tulikujua kama karani wa Mahakama ya Mwanzo kule Muleba, miaka ishirini na sita. Uliandika daftari la mashauri kwa mwandiko ambao mahakimu waliuonea wivu, na ulisimama mlangoni kuita majina, kila jina mara tatu. Sauti ile ulihama nayo. Chakula kikiwa tayari ulituita hivyo hivyo, "Isack Kalisti! Isack Kalisti! Isack Kalisti!" na asipotokea kwa wito wa tatu sahani yake ilirudi jikoni. Mume wangu Lusekelo alipokuja nyumbani mara ya kwanza ukamwita mezani, alisimama wima kama mshtakiwa.

Ulipokuja huku na Mama kunisaidia kumlea mwanangu Queen ulikaa wiki tatu, ukasema, "Mimi si kabati, siwezi kuwekwa sebuleni." Ukatafuta kazi, ukaipata ya usafi kwenye nyumba ya makumbusho nje kidogo ya Greenbelt. Ni nyumba ya matofali ya Lemuel Strode, wakili na mwanasiasa aliyefariki karibu miaka mia na hamsini iliyopita. Wiki ya kwanza ulipangusa vumbi kwenye picha yake. Wiki ya pili ulikuwa unamsalimia. Mwezi wa tatu ulikuwa unatusimulia habari zake mezani kama za mjomba wetu aliyeko Biharamulo.

Tulimjua tukitaka tusitake. Mtoto wa mkulima maskini wa tumbaku, aliyeingia ofisi ya jaji kama mfagiaji, akapewa hati za kunakili, akajifunza sheria kwa kunakili. "Kama mimi," ulisema, "ila yeye hakumpata mke kama Honorata wa kumwambia apunguze chumvi." Akawa wakili akiwa na miaka ishirini na mitatu. Akachaguliwa mara mbili kwenye baraza la kutunga sheria la Maryland, kisha akaenda Bunge la Washington kwa kipindi kimoja tu. Kilikuwa kimoja kwa sababu alipiga kura ya hapana kwenye muswada uliowafurahisha wenye watumwa wa jimbo lake, na uchaguzi uliofuata wakamtupa nje. Akarudi kutetea kesi za ng'ombe na mipaka ya mashamba mpaka alipokufa. Ulimpenda kwa kura ile. "Alikata tawi alilokalia," ulisema, "na alijua lipo juu sana."

Siku moja Lorraine, msimamizi wa nyumba ile, alikukuta umeegemea ufagio ukiwaeleza Wakongo wawili habari za Wakili kwa Kiswahili, nao wanacheka na kuuliza maswali. Akakuuliza kama ungependa kuwa guide, kuongoza wageni wa lugha yako, Jumamosi moja kila Septemba. Ulirudi nyumbani huoni pa kukanyaga. Ukampigia shangazi simu Muleba, ukamwambia kwa fahari na Kiingereza chako chote, "Siku hizi huku Marekani mimi ni gaidi!" Mama alikupokonya simu akaizima. Siku mbili hakuruhusu mtu kupokea simu ya namba asiyoijua.

Jumamosi yako ikawa sikukuu. Walikuja wauguzi, watu wa ubalozini, wanafunzi, na Wakenya wa kanisa letu dogo la Takoma Park wakiongozwa na rafiki yako Njuguna, aliyekuwa akikuita Mzee Kalisti na kubishana nawe kuhusu kila kitu isipokuwa Mungu. Mama alileta senene, panzi wa kukaanga wa kwetu Uhayani, kwenye kopo. Lorraine alionja mmoja kwa adabu, akaomba wa pili kwa hamu, na tangu siku hiyo ukatangaza kwamba yule ni Mhaya aliyepotea njia.

Uliwapitisha watu chumba kwa chumba, ukamalizia jikoni. Wageni wa Kiingereza hawakupitishwa jikoni. Hapakuwa na kitu cha kuonyesha ila meko na chungu kilichopasuka. Wewe ndiye uliyemkuta mle Serah.

Serah alikuwa mtumwa wa jirani, akikodishwa kwa Strode apike. Alifungua shauri mahakamani kudai uhuru wake, akisema mama yake aliachiwa huru kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo yeye alizaliwa huru. Strode, aliyekula mikate ya mkono wake kila asubuhi, alikubali kumtetea. Ukifika hapo ulinyoosha shingo, ukatoa nakala ya ukurasa wa daftari la mahakama la mwaka 1851, ukaweka miwani sawa, ukatangaza kwa sauti ya Muleba, "Kesi ya Serah... imefutwa!"

Mama alipiga vigelegele, na wanawake wote wakadakia. Njuguna alikuwa akipiga makofi na kusema, "Wacha! Huyo lawyer alikuwa mwanaume kweli kweli!" Miaka kumi na mmoja, Baba. Watu walitoka jikoni mle wanafuta machozi ya furaha.

Nawaeleza wasomaji ilivyokuwa, maana kosa lako halikuwa la mjinga. Kule Muleba, mtu aliyeshtakiwa kuiba kuku akisikia kesi imefutwa, anaruka juu, na mama yake anaruka juu zaidi. Wewe ulilitamka neno hilo mlangoni miaka ishirini na sita, na kila ulipolitamka watu walikumbatiana. Ulipolikuta kwenye daftari la Kizungu ulilishangilia kama ulivyozoea, na hukuuliza kesi ilikuwa ya nani.

Aliyeuliza ni Queen. Majira ya baridi ya mwaka juzi alikuwa na kazi ya shule ya kuandika historia ya mahali, na wewe ukajitolea kumsimulia. Queen anasikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, unamjua. Ulipofika kwenye kesi kufutwa, akasimamisha kalamu. "Babu," akasema, "but she lost."

"Ashindwe vipi? Kesi ilifutwa!"

Hapo mtoto akajitahidi, neno baada ya neno, "Kesi ni ya yeye, Babu. Yeye ndiye alileta. Wakifuta, yeye anabaki slave."

Nilikuwa namenya ndizi. Ulivua miwani, ukaivaa, ukaivua tena. "Karani wa miaka ishirini na sita," ulisema, na sentensi hukuimaliza.

Mtu mwingine angeacha. Nani angejua? Wewe ulimwomba Lorraine akufungulie masanduku ya barua, na kila Alhamisi kwa miezi miwili ulikaa na Queen, yeye akisoma ule mwandiko wa kamba kamba, wewe ukiandika tarehe. Mkaipata. Ilikuwa barua ya Strode kwa dada yake, ya mwaka ule alioshindwa uchaguzi.

Siku ya kesi ya Serah, Wakili alikuwa kwenye mkutano wa kampeni, wilaya nyingine. Alidhani shauri litaahirishwa. Serah alifika. Wakili wake hakufika. Jina likaitwa, hakuna aliyesimama kumsemea, na jaji akaifuta kesi. Wiki tatu baadaye yule jirani aliyemmiliki akamuuza kusini. Strode akashinda kiti chake cha ubunge.

Kwenye barua aliandika kwamba Bungeni huitwa majina mmoja mmoja wakati wa kupiga kura, na kila mara karani alipoanza kuita, yeye alisikia jina la Serah likiitwa na hakuna wa kuitikia. Ndiyo maana, alimwambia dada yake, siku ya muswada ule alisema hapana. Kwenye kitabu alichoandika cha maisha yake, jambo hilo hakuligusa kabisa.

Wiki mbili hukuipangusa picha yake. Lorraine aliona vumbi, akaliacha. Wiki ya tatu ukaipangusa. "Kazi ni kazi," ulituambia. Kisha ukaketi, ukasema, "Kura ile aliipiga kwa ajili yake. Lakini ilimsaidia nini, Serah, kule alikopelekwa?"

Ulipanga kusema Septemba. Agosti moyo ukaanza kukusumbua, na Jumamosi yako ikapita uko kitandani hospitali. Jumanne ya kwanza ya Oktoba, mchana, nikiwa nimekuja na sare zangu za kazi, ulinishika kiwiko.

"Irene, watu wale wamemshangilia mwanamke aliyeuzwa. Mimi ndiye niliyewashangilisha. Nenda kawaambie."

Nikakujibu kijinga. Nikasema, "Baba, pumzika, hakuna anayejali."

Uliwaka! Mashine iliyokuwa kando yako ikaanza kulia. "Sikukusomesha uje kuniambia hakuna anayejali! Kwenye daftari la mahakama, kosa halikwanguliwi. Unapiga mstari mmoja, neno la zamani lisomeke, unaandika la kweli juu yake, unatia sahihi. Nipigie mstari huo."

Nikasema ndiyo, Baba. Ulikufa wiki hiyo hiyo.

Mama alikataa. "Mnataka kumvua mume wangu nguo mbele za watu? Amelala, muacheni alale." Akaongeza, na hapa ulishawahi kumsikia hivyo, "Mhaya aangushwe na neno moja la Kiingereza? Mbele ya Wakikuyu?" Tulicheka mpaka tukalia, lakini yeye hakuwa anatania. Isack akasema tuweke kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Mama akamwambia akiweka, asije kula kwake.

Arobaini yako, baada ya misa, Njuguna alisimama ukumbini kukusimulia. Alisimulia vizuri, kwa upendo, mpaka jikoni, mpaka kwenye daftari. "Na Mzee Kalisti akatuambia, kesi imefutwa!" Vigelegele vikajaa ukumbi. Mimi nilikuwa na kijiko cha pilau mkononi na ahadi yako kifuani. Nikakila kile kijiko, nikanyamaza. Nisamehe, Baba. Hiyo ni sahihi yangu, na mstari wangu naupiga hapa.

Agosti hii Lorraine alipiga simu. Alisema wanataka Jumamosi ya Kiswahili iendelee, na wanataka kuweka kibao jikoni chenye jina la Serah, kwa sababu kabla yako hakuna aliyekuwa akilitaja. Akaomba familia iandike maneno ya kuwekwa pale, yawe kama ulivyokuwa ukiyasema wewe.

Mama alikaa na habari hiyo siku nne. Siku ya tano akamwita Queen, akamwambia, "Nisomee barua ya huyo Wakili. Kwa Kiswahili." Queen alihangaika saa nzima, Baba. Alitoa jasho. Kila neno alilokosa Mama alimpa, na neno kwa neno wawili wale wakaivusha barua yote. Ilipoisha Mama aliuliza, "Alifika, hata hivyo? Serah mwenyewe alifika?" Queen akamwambia, "Alifika, Bibi." Mama akainuka kwenda kuchemsha chai. Kutoka jikoni akasema, "Nitasema mimi. Ninyi mtaharibu."

Jumamosi ya pili ya Septemba tulikuwa watu wengi kuliko miaka yote. Isack alijaribu kuongoza kama wewe. Sauti hana, lakini aliwafikisha. Jikoni Mama akasimama mbele ya meko, khanga begani, na wanawake wengine wakaanza kulainisha ndimi wakijua kinachokuja.

"Msipige," Mama akasema. "Mume wangu Kalisti alisoma vibaya. Kesi ilifutwa, ndiyo, lakini ilikuwa kesi yake Serah, aliyoileta mwenyewe kudai uhuru wake. Yeye alifika mahakamani, wakili wake hakufika. Wakaifuta, wakamuuza. Kalisti aligundua mwenyewe na mjukuu wake, akataka kuja kuwaambia, mauti yakamuwahi. Anawaomba radhi. Na mimi niliyewaanzishia vigelegele, nawaomba radhi."

Nilikuwa nimeshika mkono wa Lusekelo nikingoja mtu acheke, au aseme tumedanganywa. Hakuna aliyecheka. Njuguna akavua kofia. "Sasa, Mama Irene," akasema taratibu, "huyo mama alikaliwa matanga na nani?"

"Hatujui kama alikaliwa."

Mama akatandika khanga sakafuni, akaketi, miguu ameinyoosha, kama wanawake wanavyoketi kwetu penye msiba. Cherono wa kwaya akaketi pembeni yake. Kisha Jerotich, kisha wengine, mpaka pakawa hapana pa kukanyaga. Lorraine akatokea mlangoni. Unazijua kanuni zake: jikoni mle hata ukuta hauguswi. Queen akamnong'oneza. Lorraine akavua viatu, akatafuta nafasi, akakaa chini na sketi yake ya kazi.

Njuguna ndiye aliyeanza kutoa pole. Alizunguka kutafuta wa kumpa mkono, akaona hakuna, maana ndugu wa Serah hatuna tunayemjua. Mama akamnyooshea wa kwake. "Nipe mimi," akasema. "Nitapokea kwa niaba yao." Na watu wote waliokuwa jikoni mle wakapita mbele ya mkeo mmoja mmoja, wakampa mkono na kumwambia pole kwa msiba wa mwanamke aliyeuzwa mwaka 1851.

Hakuna mtu aliyekudharau, Baba. Tuliogopa bure. Tulipokuwa tunatoka Njuguna aliniambia, "Mimi huyo mzee nilimpenda kwa stori. Leo nimemheshimu." Halafu akaongeza kwamba Wakikuyu wasingekosea neno lile, na Mama akamrushia kopo la senene, tupu, kwa bahati yake.

Kibao kitawekwa mwezi ujao. Kinasema Serah alikuwa mpishi, kwamba alidai uhuru wake mahakamani, kwamba alifika na wakili wake hakufika, na kwamba habari zake zilitafutwa na Kalisti Mutalemwa, karani. Lorraine alitaka kuandika mfanyakazi wa usafi. Queen akamwambia, "No. Karani," na hakukubali neno jingine.

Kwa wale mliohama, mlioko Texas na Minnesota, mliorudi Dar na Nairobi, mliowahi kusimama jikoni mle na kushangilia: kesi ya Serah ilifutwa, naye hakuachiwa huru. Mwambieni na mliyewahi kumsimulia.

Asante, Baba, kwa miaka yote uliyotuita mezani. Asante kwa kumpenda Mama waziwazi, mbele ya wageni, mpaka akaona aibu. Asante kwa kukubali kusahihishwa na mtoto wa miaka kumi na mitano bila kumgombeza. Misa yako ni Jumapili hii Takoma Park, saa nne asubuhi, na baada ya hapo ndizi nyumbani Wheaton. Anayekuja aje na njaa.

Tunaokushukuru na kukukumbuka: mkeo Honorata, wanao Irene na Isack, mkweo Lusekelo, mjukuu wako Queen, dada yako na ukoo wote wa Muleba, rafiki yako Njuguna na jumuiya ya Takoma Park. Mama ameagiza jina moja zaidi liandikwe hapa pamoja na yetu, la Serah, ambaye alifika.

Siku zote za uhai wetu, Baba, tutawataja nyote wawili.